Santuri za Baba Mdogo na Pembe ya Msaragambo

Nilikuwa namimina chai nyumbani kwangu hapa Same mjini, mtoto wa kaka yangu amejilaza kwenye kochi na hedifoni zake masikioni, mara waya ukachomoka kwenye simu. Sauti ikamwagika sebuleni: ndefu, nzito, isiyo na neno wala ngoma, inapanda polepole na haitaki kushuka. Nikaweka birika chini, nikasimama. Msinicheke, lakini mwili wangu wote ulikuwa unatafuta jembe.

"Shangazi, vipi tena?" akaniuliza. "Ni muziki tu. Wa Wajerumani, wa zamani, enzi Baba ananyonya. Wanauita muziki wa anga. Hapa nchini sidhani kama kuna watu kumi wanaoujua."

"Mimi nimelelewa nao," nikamwambia. "Uzime."

Akauzima, akaniangalia kwa jicho la vijana wa sasa, lile la kukuona umeanza kuzeeka kichwa kabla ya miguu. Sikumweleza. Hii habari naiandikia watu wa rika langu waliokulia milimani, maana wao hawataniuliza pembe ni kitu gani.

Kijiji chetu kiko juu ya Mhezi, mahali ambapo ukungu ukishuka alasiri unaweza kumsalimia mbuzi ukidhani ni jirani. Juu ya kijiji kuna ndiva, lile bwawa la mawe na udongo walilochimba babu zetu. Maji ya kijito hujaa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenye mifereji kwa zamu, ukoo huu leo, ukoo ule kesho. Mkikosa zamu wakati wa kiangazi, maharage yenu yanakauka huku mnayatazama. Na mfereji ukizibwa au ukuta wa ndiva ukibomoka, Mzee Senkondo, mkubwa wa wazee wa mfereji, anapuliza pembe ya tandala, na kila mwenye mikono anatoka na jembe kwenda msaragambo, kazi ya wote.

Pembe haiulizwi. Ukiisikia unatoka, sababu utaijulia huko huko. Inapulizwa kwa kazi ya maji, au moto, au jambo lolote la hatari kwa wote. Jambo la mtu mmoja halipuliziwi pembe. Hilo lina majirani zake. Hivi ndivyo tulivyofundishwa kabla hatujajua kusoma, na mtu mzima, awe mlokole au mlevi, aliyeisikia pembe akabaki kitandani ilibidi atafute kisingizio cha mgongo. Baba mdogo Eliamani peke yake alibaki bila kisingizio.

Baba mdogo alikuwa mdogo wake Baba wa tumbo moja. Kanisa lilikuwa limempeleka Ujerumani kusomea ufundi wa umeme, na kijiji kizima kilikuwa kimemsubiri arudi na cheti, suti, na labda mke mweupe wa kuonyesha watu. Akarudi na koti moja, mashine ya kupigia santuri, na sanduku la santuri lililokuwa zito kuliko yeye mwenyewe. Cheti hakikuonekana. Mama alipouliza, Baba alimkata jicho, na swali hilo halikuulizwa tena mbele yetu watoto. Lakini watoto hawana masikio ya mapambo. Nilisikia kwamba huko alilazwa miezi mingi katika hospitali ya watu wasioweza kulala, na kwamba mgonjwa mwenzake ndiye aliyemwachia zile santuri alipotoka. Nilisikia pia kwamba wiki ya kwanza ya kurudi kwake, Bibi alimkuta alfajiri amesimama ukingoni mwa genge, lile poromoko la mawe lililo chini ya shamba letu, viatu amevivua na kuvipanga vizuri pembeni. Bibi alimshika mkono, akamrudisha nyumbani, akampa uji. Toka siku hiyo Bibi hakuwa na kazi nyingine duniani ila kuangalia mwanawe yuko wapi.

Kilichomshika Baba mdogo asirudi gengeni kilikuwa zile santuri. Jioni alikuwa anaweka moja kwenye mashine, anaunganisha betri ya gari, anakaa sakafuni na kuegemea ukuta. Upande mzima wa sahani ulikuwa wimbo mmoja, kama ule ni wimbo. Hakuna aliyeimba. Kulikuwa na mlio kama upepo kwenye bomba, juu yake mlio mwingine, kisha kitu kinadondoka mbali sana, tone, tone. Chumba kilinuka betri, mafuta ya taa, na yale majalada yaliyokuwa yameanza kuota ukungu kwa unyevu wetu. Ikifika katikati ya upande wa pili, Baba mdogo alikuwa amelala hapo hapo sakafuni na mdomo wazi. Bibi anamfunika blanketi, ananiambia, "Nakijwa, usikohoe."

Baba alikuwa haupendi muziki ule hata kidogo. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa noti na sauti nne, na kwake wimbo usio na beti ulikuwa uvivu. Mama alitazama jalada moja, wanaume wenye nywele za mabegani wamekaa kati ya mashine zenye vitufe na nyaya, akasema hao mama zao hawajui walipo. Mimi nilikuwa na maelezo yangu, na niliyaamini kuliko katekisimu. Mlio ule niliujua. Ulikuwa pembe. Nilielewa kwamba Wajerumani nao wana ndiva yao na Mzee Senkondo wao, na wale wenye nywele ndefu ni watu waliokwisha kuitika, wanasubiri wenzao. Na niliona wazi kwamba Baba mdogo alikuwa ameondoka kule bila kuitika. Ndiyo maana alikuwa na huzuni. Walikuwa wanamwita kila jioni, naye anajilaza asiende.

Kwa hiyo niliziogopa zile santuri kwa sababu yangu mwenyewe. Niliogopa ataitika.

Sasa usharika ulikuwa unajiandaa kwa mkutano wa injili, na kipaza sauti kilikuwa kimekufa. Mchungaji akakumbuka kwamba tuna fundi. Baba mdogo alikifungua, akakilehemu huku na huku, akakifunga juu ya nguzo ya kengele kikitazama bonde. Ilikuwa alasiri, ukungu umefunika mpaka migombani. Angeweza kukijaribu kwa kusema "halo, halo" kama mafundi wengine wenye akili zao. Yeye hakupenda kusema. Akaleta mashine yake, akaweka santuri.

Nilikuwa nachambua maharage na Mama uani. Mlio ulitoka ndani ya ukungu kutoka pande zote kwa pamoja, mkubwa, unaendelea, haukati pumzi kama Mzee Senkondo. Mama alidondosha ungo. "Ndiva imepasuka," akasema, akachukua jembe na kukimbia, na mimi nyuma yake.

Bonde lote lilikuwa linapanda. Wanawake waliacha vyungu motoni. Wazee ambao kwa miezi walikuwa wanaugua mgongo kila pembe ikilia, siku hiyo walipanda kilima wakitupita. Jirani yetu mmoja aliteleza kwenye mawe ya mfereji akachubuka goti mpaka mfupa. Tulipofika juu, ukuta wa ndiva ulikuwa mzima, maji yametulia, na Mzee Senkondo amesimama pale na pembe yake ndani ya mfuko wa ngozi, haijatolewa.

"Nani amepuliza?" akauliza.

Mlio ulikuwa bado unaendelea kule chini, kanisani. Watu wakageuza shingo. Halafu ukafika mwisho wa upande, ikasikika ile kwaruza ya sindano, krrr, krrr, na hapo kila mtu alijua.

Sijawahi kuona mzee akiaibika vile. Nafikiri lililomuuma si kwamba watu wamedanganyika. Lililomuuma ni wingi wao. Alipopuliza yeye, na meno yake yale yaliyobaki, walikuja nusu, na hao nusu wakilalamika. Mashine ya Mjerumani imeita mara moja, na kijiji kizima kipo.

Wazee wa mfereji walikaa kesho yake, pale pale kwenye ukuta wa ndiva, na familia yetu tukaitwa wote. Baba alisalimia, "Wazee, shikamooni," akaitikiwa marahaba baridi. Akasema tutatoa mbuzi, kama desturi inavyotaka, na jambo liishe.

"Mbuzi tutamla," Mzee Senkondo akamwambia Baba, "na kesho mlio utatoka tena. Yona, nakuuliza wewe mwenye akili. Pembe zikiwa mbili, siku maji yakibomoa kweli nani atatoka? Watasema ni yule mgonjwa wa Yona na sahani zake. Watageukia ukutani walale. Na maji hayamngoji mtu avae."

Alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo lilinitia hofu hata mimi. Mtu mbaya unaweza kumchukia, ukalala. Huyu hakuwa mbaya.

"Ile mashine na hizo sahani zije kwangu zote," akaendelea. "Zisipokuja, ukoo wenu hauna zamu mpaka zije."

Maharage yetu yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Baba alitazama chini. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusema kwenye kikao kile, lakini Bibi alisimama.

"Apige ndani tu," akasema. "Jioni, mlango umefungwa. Sauti haitavuka ukuta. Senkondo, mtoto huyu bila hicho kitu halali. Na asipolala, unajua alisimama wapi."

"Mama Yona, nina huruma," mzee akamwambia. "Lakini ukungu wetu unaujua. Mlio wa ndani ukitoka dirishani, nani atapima umetoka wapi?"

Baba mdogo alikuwa amechuchumaa nyuma yetu muda wote, anachora udongo kwa kijiti. Akainuka. "Watachukua," akasema taratibu, kama anazungumzia vitu vya mtu mwingine. "Maji ni ya watoto." Akashuka nyumbani, akabeba mashine kichwani na sanduku mkononi, akavipeleka mwenyewe kwa Mzee Senkondo. Bibi alimfuata njia nzima.

Mimi nilifurahi. Nasema kama ilivyokuwa. Niliona sasa Wajerumani hawana tena njia ya kumwita, na Baba mdogo atabaki kwetu milele. Niliruka kamba jioni ile mpaka Mama akaniambia nina wazimu.

Lakini maharage yalipata maji na Baba mdogo akaanza kukonda. Jioni alikuwa anakaa mahali pale pale sakafuni na kuegemea ukuta, hakuna kitu kinacholia. Alikula makande vijiko viwili vitatu na kusukuma sahani. Macho yalimwiva mekundu. Ukimwita anaitika baada ya muda, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mama akaficha kamba zote za mbuzi, na nilipomuuliza tutawafunga na nini, alinifinya. Baba, ambaye alikuwa hawezi kuuvumilia ule mlio, nilimkuta amejifungia chumbani akijaribu kuuimba kwa sauti ya chini, ile besi yake ya kwaya, kuona kama utamsaidia mdogo wake. Haukufanana kabisa. Bibi akahamisha mkeka, akawa analala amejilaza mlangoni kwa Baba mdogo, ili atakayetoka amruke.

Asubuhi moja Bibi alisinzia. Bibi zetu nao ni watu. Alipoamka, kitanda cha Baba mdogo kilikuwa kimetandikwa vizuri sana, na viatu vyake vimepangwa kando ya mlango.

Baba alikimbia gengeni na kaka yangu mkubwa. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tuliwasikia wakiita jina lake hatua chache tu na hatukuwaona. Walirudi wakasema ukingoni hakuna mtu, na chini hakuonekani. Mama akaketi uani, akaweka mikono kichwani. Bibi hakulia. Alifunga khanga kiunoni, akanishika mkono, tukapanda.

Nilidhani tunakwenda kwa Mchungaji. Tukaenda kwa Mzee Senkondo.

Alikuwa anaota moto. Mashine ya Baba mdogo ilikuwa pembeni, ameifunika kwa gunia, na juu ya gunia ameweka Biblia, sijui kwa heshima au kwa tahadhari.

"Eliamani ametoka bila viatu," Bibi akamwambia. "Puliza."

Mzee alisukuma kuni motoni. Kisha akasema, "Pembe hailii kwa ajili ya mtu mmoja. Hilo sikulitunga mimi."

"Najua."

"Nikipuliza, nami nitaitwa kwenye ukuta kama alivyoitwa yeye. Na watakuwa na haki."

"Najua, Senkondo." Bibi akaegemea mwimo wa mlango. "Mimi sina sauti ya kufika bonde zima. Ningekuwa nayo nisingekuja kwako. Ukungu huu wanaume wawili hawataweza kitu. Nataka watu wote. Nimebeba mawe ya ndiva ile nikiwa na mimba ya mtoto huyu, na leo ndiyo mara ya kwanza naomba." Akaketi kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa khanga.

Mzee Senkondo alinyanyuka kwa shida, akachukua mfuko wa ngozi, akatoka nje hadi kwenye ukuta wa ndiva, hatua chache juu ya nyumba yake, nasi nyuma yake. Mara ya kwanza pembe ilitoa pumzi tu. Mara ya pili ikakwaruza na kufa. Alifuta midomo kwa kiganja, akaiweka tena, na safari hii ikalia, ikapanda. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akakata, akavuta hewa, akapuliza tena. Mimi nilikuwa nimeziba masikio na bado niliisikia kwa kifua.

Wakaja. Kutoka ndani ya ukungu mmoja mmoja, jembe begani, wengine bado wanafunga vifungo. Yule jirani wa goti alikuja akichechemea. Mama alikuja. Baba alikuja, uso umekuwa wa mzee. Walijaa juu ya ukuta wa ndiva, wakautazama, ukuta ni mzima, wakamtazama Senkondo.

"Sikupuliza kwa ajili ya maji," akawaambia akihema. "Nimepuliza kwa ajili ya mtoto wa Mama Yona. Amepotea tangu alfajiri. Mkitaka kunihukumu, mtanihukumu jioni. Sasa hivi gawanyikeni."

Niliona watu wakipima. Kisha jirani wa goti akasema yeye atashika njia ya msituni, na wengine wakaanza kupangana, hawa gengeni, hawa kijitoni.

Walikuwa wanapangana hivyo wakati mtu mwingine alipotokea kwa chini, upande wa gengeni, akipanda haraka. Nilidhani ni wa kuchelewa tu. Alikuwa peku, suruali imelowa umande mpaka mapajani na kuchanika goti, na mkononi ameshika gongo bichi alilolivunja mahali fulani na kulichonga ncha kwa meno au kwa jiwe, Mungu anajua. Alifika ukutani, akapenya katikati ya watu, akautafuta ufa kwa macho na asiuone.

"Imebomoka wapi?" Baba mdogo akauliza. "Samahani, sikupata jembe."

Mama alijikunja akaketi chini palepale. Baba aligeuka akatazama maji, mabega yanamtikisika. Nilimtazama Baba mdogo na kwa akili yangu ya kitoto nikaelewa jambo ambalo hata leo silielezi vizuri: alikuwa amekwenda mahali, na alikuwa hajakusudia kurudi, ila pembe imelia, na pembe haiulizwi.

Mzee Senkondo ndiye aliyejibu. "Umechelewa," akasema. "Sahani zako utakuja kuzichukua jioni. Utapiga ndani, na mlango ufungwe, na mimi nitakuja kukaa nje nisikie kama zinavuka ukuta." Kisha akawageukia watu. "Majembe mmekuja nayo. Mfereji wa chini una matope. Tusirudi bure."

Tukashuka mfereji kwa mstari, kama msaragambo wowote. Mtu alimpa Baba mdogo jembe, akaingia majini na kuanza kuchimba, na Bibi aliingia nyuma yake na kumshika pindo la shati. Akiinama naye anainama, akisogea naye anasogea, matope yanamrukia usoni na hayafuti, maana mkono wa kufutia ndio ulioshika shati. Alilishika hivyo mpaka kazi ikaisha, na kijiji kizima, watu wale ninaowajua kwa utani, walichimba wakiwa wameinamisha nyuso zao, wasiwatazame wawili hao.